Mipira ya Theluji Uliyochaguliwa na Mtu Mwengine

Matrah, Maskati
Shawwal 1390, yaani Disemba 1970

Kwa kijana wetu Yaarub, aliye Upsala, nchi ya Uswidi,

Salamu zetu zikukute umevaa nguo za kutosha. Baada ya hizo nakuarifu kwamba sisi sote hapa Matrah ni wazima, joto limetupumzisha kidogo, Ramadhani tumeifunga, Idi imepita kwa furaha, na mimi mjomba wako Marhoon nimekaa kitako kukuandikia malalamiko. Nimeona niyapange kwa nambari, kama tulivyokuwa tukifanya katika idara ya barabara Unguja, ili usije ukasema hukufahamu lipi linakuhusu na lipi halikuhusu. Yote yanakuhusu.

Kabla ya nambari, nikukumbushe jambo lilivyoanza, maana nasikia baridi hupunguza kumbukumbu. Mwezi wa Shaaban iliniwasili barua yako. Ulisema umenunua gari kuukuu, Voksiwagen, lile lenye mgongo kama wa kobe. Ulisema kwamba hospitali unayofanya kazi ya maabara iko nje ya mji, na njia yake inapita msituni, na ikifika baridi njia hiyo hugeuka barafu mwanzo hadi mwisho. Ukaongeza, kwa wepesi kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kwamba mwenzako mmoja wa kazini mwaka jana aliteleza na gari lake likaingia ziwani. Yeye akatoka, gari likabaki. Ndipo ukaeleza kwamba watu wa huko, baridi ikikaribia, huvua mipira ya kawaida wakalivisha gari mipira ya theluji. Ukaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kujua magari katika ukoo, uchague ipi: yenye misumari au isiyo na misumari, mipana au myembamba, miwili ya nyuma au yote minne, na je, uivalishe kwenye ringi zile zile ulizonazo au utafute ringi nyengine kabisa, za baridi tu.

Suala zuri, nalikubali. Lakini ulijua kwamba mama yako Masouda hazisomi herufi za Kizungu, na kwamba mimi kaka yake ndiye ninayemsomea barua zako, neno kwa neno, kahawa ikiwa mbele yetu. Tangu ulipoondoka Unguja ukaenda Misri, na kutoka Misri ukapitiliza mpaka huko, hajakutia machoni. Barua ndizo anazozilea. Nilipofika penye ziwa alinishika mkono.

"Lina kina ziwa hilo?" aliniuliza.

Nikamwambia hukuandika. Basi tangu hapo chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyotoka, na kila gari likipita nje ananyanyua kichwa, ilhali anajua vyema kwamba gari lako liko upande wa pili wa dunia. Hayo ndiyo yaliyotufanya tulichukue jambo hili kwa uzito tuliolichukua. Sasa nambari.

1. Lalamiko la kwanza ni neno lenyewe, misumari.

Mwanangu, mimi nimeendesha magari ya idara tangu ndevu hazijanitoka mpaka zikaingia mvi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuukimbia msumari. Kila asubuhi nilikuwa nikiinama kutazama chini ya mipira, kama mtu anavyofunua shuka kwa khofu ya nge. Nimegombana na maseremala wa Darajani kwa ajili ya msumari mmoja uliopinda. Kisha leo wewe unaniuliza, kwa adabu zote, kama ununue mipira ambayo misumari imeshatiwa huko huko kiwandani, na kwamba watu wanailipia zaidi kwa sababu hiyo. Nilikuwa kama tabibu aliyejiwa na mgonjwa akamuuliza homa ipi ni nzuri ya kununua. Sikukujibu siku ile. Nilikwenda msikitini nikakaa kwenye ubaridi wa sakafu mpaka nikarudi katika hali yangu.

2. La pili ni kwamba ulitia fitina katika nyumba iliyokuwa na amani.

Nilipoona jambo limenizidi nilimwita jirani yetu Harub, anayeendesha Landrova ya kampuni moja ya mafuta huko bara, na ambaye hakuna habari ya mpira asiyokuwa na fatwa nayo. Harub akasema pasi na kufikiri kwamba theluji ni mchanga uliopata baridi tu. Kwa hivyo mpira uwe mpana na upepo upunguzwe, gari lipite juu kama ngamia. Mke wangu Nasriya, ambaye hakuulizwa, akasema kutoka jikoni kwamba theluji si mchanga, theluji ni maji, na mtu akivuka tope hatafuti kiatu kipana. Harub akasema yeye hajapata kuona gari lililovaa kiatu. Mimi nikatoa hukumu yangu kwamba miwili ya nyuma inatosha, kwa kuwa injini ya Voksiwagen iko nyuma, na kinachosukuma ndicho kinachotaka kushika chini. Hapo mama yako akauliza swali lake.

"Kwani miguu ya mbele haisikii baridi?"

Yeye alitaka minne, na wa tano wa spea, na kama liko gari linalovaa sita basi ununue hilo. Kuhusu ringi, nikasema mimi na nikaungwa mkono na Harub kwamba ringi nyengine ni israfu, mtu hana jozi mbili za miguu. Nasriya akasema ana jozi ngapi za viatu. Mambo yakaenda hivyo, jioni baada ya jioni, mpaka Harub akaacha kuja kunywa kahawa, Nasriya akawa anaipakua mikate kwa kelele, nami nikabaki barazani na mama yako, ambaye hakuwa na mazungumzo ila ya ziwa.

3. La tatu ni la barafu, na hili naliandika nimekalia upande mmoja.

Ilidhihiri kwamba katika baraza letu zima hakuna aliyewahi kukanyaga barafu. Sote tumeiona katika gilasi ya sharbati, na hapo haikuwa na madhara. Harub, tulipopatana, akasema elimu bila ya jaribio ni umbea. Basi yuko mfanyabiashara hapa Matrah anayetengeneza barafu kwa ajili ya wauza samaki. Tukachukua kwake mapande makubwa, tukayafunga kwa magunia na maranda ya mbao, tukayapakia kwenye Landrova na kwenda nayo Wattaya, ambako kuna uwanda mtupu wenye kuteremka kidogo kuelekea mashamba, na hakuna watu wa kucheka.

Magurudumu mawili ya nyuma ya Landrova nilikuwa nimeyatengeneza mwenyewe. Nilichukua mipira mikuukuu nikaigongomea misumari kutoka ndani ikatokeza nje, kwa mikono hii hii iliyokuwa ikiing'oa. Nadhani utafahamu ni kitu gani kilinipita moyoni, nami sitakieleza. Mbele tukaacha mipira ya kawaida ili tuone tofauti. Mama yako alikataa kubaki nyumbani. Alisimama kando na mwavuli na tasbihi yake, akasema anataka kuona unachokiona wewe.

Tukatandika barafu kama watu wanaotandika mikeka ya harusi. Lakini jua la Wattaya halijui kwamba linafanyiwa majaribio. Tulipokuwa tunalaza pande la mwisho, la mwanzo lilikuwa tayari limekuwa kioo chenye maji juu yake, na nadhani katika Uswidi nzima hamna njia inayoteleza kama ile. Nikapanda, nikatia gia, nikaliteremsha gari polepole. Likafika kwenye barafu.

Yaarub, nilikanyaga breki na gari halikunisikia. Nikageuza usukani na gari halikunisikia. Halikwenda kasi, lilikwenda kwa utulivu, kama kitu kilichokwisha amua. Nimeendesha magari umri wangu wote na sikupata kuwa abiria katika gari ninaloliendesha mwenyewe. Ikanijia pale pale kwamba wewe hali hii unaipata asubuhi unapokwenda kazini, katika msitu wa watu, na pembeni huna mtu wako hata mmoja wa kupiga kelele. Nilikuwa sijamaliza kuwaza hivyo nilipoingia katika ukuta wa shamba la Bwana Thani.

Ukuta wa udongo, alhamdulillahi. Ulianguka wote na haukumuumiza mtu ila mimi kwenye nyonga na mndimu mmoja uliokuwa nyuma yake. Bwana Thani alitoka na jembe lake. Ni mtu mpole. Alitazama gari, akatazama barafu, akatazama juu mbinguni kuona kama imetoka huko, kisha akauliza tunafanya nini. Harub akamjibu kwamba tunachagua mipira ya kwenda Uswidi. Bwana Thani akafikiri, akauliza kwa heshima kama Uswidi iko upande wa shamba lake.

Ukuta tumeujenga sisi wenyewe, Ramadhani, tumefunga, matope mpaka viwikoni, Harub akinisimulia muda wote kwamba ningelipunguza upepo nisingeliteleza. Na misumari yangu ilirudi ndani ikatoboa mipira ya ndani yote miwili, kwa hivyo hatukujua kama ilishika barafu au haikushika. Harub anasema ilishika. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya gari.

4. La nne ni kwamba tuliamua, nawe hukutungoja.

Baada ya ukuta hatukuwa na hamu tena ya kubishana. Mama yako alisema ameona kwa macho yake kwamba mbele, kusikokuwa na misumari, ndiko kulikotangulia kuingia ukutani. Tukakata shauri kwa sauti moja, Nasriya akiwa ametoka kwenda kuanua nguo: misumari, mipana, na upepo upunguzwe, minne na wa tano wa spea, ringi zile zile. Nikaandika kwa hati yangu nzuri, mama yako akaisomea barua ile dua, ikaenda posta. Siku ile alikula.

Baada ya Idi ikaja barua yako. Haikuwa jibu la barua yetu, ilikuwa imepishana nayo njiani. Ulisema theluji ya mwaka huu imewahi, hukuweza kungoja, mipira umeshanunua na umeshafunga. Bila ya misumari. Myembamba. Minne, na wa tano hukununua. Na kwenye ringi nyengine.

Mwanangu, kipofu akirusha mawe manne penye mnazi, angalau moja litagusa nazi. Wewe umetukosa kote, isipokuwa ile minne ya mama yako, nayo umeipunguza spea. Ungalikaa na barua yetu mkononi ukitaka kutupinga, usingaliweza kutupinga vizuri namna hiyo.

Ulitoa sababu. Kwamba njia unayopita siku hizi humwagiwa chumvi na kukwanguliwa, na misumari kwenye njia tupu hupiga kelele na kuteleza. Kwamba mpira mwembamba huikata theluji ukafika chini penye kushika, na ule mpana huelea juu. Kwamba ringi za pili, za chuma tupu, ziachwe ziliwe na chumvi, ili zile nzuri zikae stoo mpaka kiangazi, na mpira usivuliwe na kuvalishwa kila mara ukachanika mdomo wake unaoshika ringi. Nimezisoma sababu zote, nikazirejea. Ni nzuri. Na hapo ndipo nilipoanza kushuku.

5. Kwa sababu lalamiko la tano ni kwamba sababu hizo si zako.

Nimekulea, Yaarub. Ulipokuwa mdogo ulinunua baiskeli kwa kuwa kengele yake ilikuwa na sauti nzuri. Sababu zenye mpango namna hiyo hukuzaliwa nazo, na kweli, ukurasa wa pili zilipata mwenyewe. Ukaandika kwamba ulikwenda dukani na Gunilla, muuguzi wa hospitali ile ile, na kwamba yeye ndiye aliyeibonyeza mipira kwa kidole gumba, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua matikiti, akaikataa ile ambayo mwenye duka alitaka kukupa, akakuchagulia hii. Na ringi zilikuwa za gari la kaka yake, lililokwisha kufa.

Hapo nilisita kidogo katika kusoma. Mama yako akaniuliza ni nani. Nikasema Gunilla. Akasema, "Jamila?" Nikamsahihisha. Akasema ndivyo, Jamila. Nimemsahihisha tena na tena, sasa nimechoka, na katika nyumba hii hakuna tena Gunilla, yuko Jamila, na Harub naye anamuita hivyo hivyo.

Mimi nakuuliza kwa upole. Ukoo mzima umekaa barazani, jirani ametoa gari la watu, mzee mmoja amevunjiwa ukuta na mwengine amepondeka nyonga, kwa ajili ya suala lako. Wakati huo huo wewe umesimama dukani na mtu ambaye hatujamuona, naye analimaliza suala letu kwa kidole gumba.

6. La sita naliandika kwa aibu, na ningaliliruka lau nambari zisingalipishana.

Uliandika kwamba siku ya kufunga magurudumu vidole vyako vilikufa ganzi, havikuweza kuishika spana. Kwamba Gunilla alitandika gunia juu ya theluji, akatia jeki, akapiga magoti, akafungua na kufunga gurudumu baada ya gurudumu, na wewe ulisimama pembeni umemshikia nati. Na haikutosha. Ukasema baada ya siku chache alirudi mwenyewe na spana yake akazikaza tena zote, kwa kuwa nati za gurudumu lililofungwa upya hulegea.

Hilo la kukaza tena ni kweli, nami mwenyewe nimewafundisha watu hivyo idara nzima. Lakini kijana wa ukoo wetu kusimama ameshika nati kiganjani, kama mtoto aliyeshikishwa kashata, na mwanamke yuko chini kwenye theluji! Nilipoisoma sehemu ile mbele ya watu, mama yako akiwa ameinuka kwenda kusali, nami kwa aibu sikumrejelea, Harub alikohoa. Nasriya aligeuka akatazama ukutani, na mabega yake yalikuwa yakitikisika; nadhani alikuwa akilia, ingawa hakufanana na mtu anayelia.

7. La saba ni matokeo, na hapa nakuomba unifuate pole pole.

Kwetu sisi mwanamme ndiye anayepeleka. Akimtaka mtu, watu wake wanakwenda kwa watu wa mwanamke, wanachukua walichochukua, wanasema walilolisema, na posa ikikubaliwa ndipo vitu vinaanza kupita mlangoni. Wewe hukupeleka chochote. Wewe umeletewa. Umeletewa ringi nne za chuma, kutoka kwa kaka yake, ambaye kwa ada zetu ni walii wake, mwenye kumuozesha. Umezipokea. Umezifunga, au tuseme umefungiwa. Shahidi wa kwanza jeki, shahidi wa pili spana. Nilimuuliza mtu mwenye elimu hapa Matrah kama mwanamme akipokea magurudumu kutoka kwa ndugu wa mwanamke huwa ameshaposwa. Akasema katika vitabu vyake hajalikuta. Lakini hakusema siyo.

Kwa hivyo huenda umeshaposwa na hujui. Na mtu akiposwa huoa, na akioa hukaa, na akikaa huzaa, na hao watoto siku moja watauliza baba na mama walikutanaje, nao wataambiwa kwa mipira myembamba. Na sisi huku, Yaarub, tulikuwa na matarajio mengine. Tangu utawala kubadilika hapa mwaka huu watu wetu wanaingia kila uchao, kutoka Daressalaam, kutoka Misri, kutoka Kuweit. Skuli zinafunguliwa. Hospitali zinataka watu wa maabara. Mama yako amekwisha kukuchagulia chumba, kile cha upande wa upepo, na amemkataza Nasriya kuweka magunia ya mchele humo. Sasa niambie utakuja vipi na mipira ile? Ukitoka hapa kwenda Khuwair mchanga utaimeza mpaka kwenye ekseli. Mtu akishavalishwa magurudumu ya nchi moja hawi tena wa nchi nyengine. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko nyonga.

Kwa hayo yote, mimi kwa niaba ya ukoo naomba yafuatayo, na sioni kwamba ni makubwa. Mipira irudishwe dukani na ringi zirudishwe kwa kaka wa watu, kwa shukurani, pamoja na barua ya kueleza kwamba hukukusudia posa. Ununue ile tuliyoamua, na upepo upunguzwe. Mpaka itakapopatikana, uende kazini kwa miguu, ukipita mbali na ziwa. Umwandikie Bwana Thani kumtaka radhi kwa ukuta, na umtajie mndimu kwa upekee, kwani ndio uliomhuzunisha. Na kama itaonekana kwamba mwezi huu haiwezekani kuyatimiza haya kwa ajili ya theluji, basi uniletee anwani ya serikali ya Uswidi, niiombe kwa heshima isimamishe baridi kwa muda mpaka ukoo wetu utakapomaliza shauri lake. Nimepata kuwaandikia wakubwa zaidi ya hao kuhusu mashimo ya barabara, na wengine walijibu.

Nnaachia hapa, si kwa kuwa maneno yamekwisha bali karatasi imefika ukingoni. Nasriya anakusalimu sana, na amenitaka nisiseme zaidi ya hivyo. Harub anakusalimu na anasema hata kama hutarudisha, upepo punguza kidogo tu. Bwana Thani anakusalimu bila ya kukujua. Wasalimie Waislamu wote walioko huko, na wengine pia kwa kadiri utakavyoona inafaa.

Mimi mjomba wako mwenye kukupenda, asiyeweza kukaa sawa,
Marhoon

Nyongeza. Barua hii niliimaliza jana. Leo asubuhi kabla ya kuifunga nilimsomea mama yako, kama ilivyo ada, nikitarajia kwamba ataiongezea makali. Alisikiliza mpaka nambari ya sita. Hapo akaweka kikombe chini, akaniambia nirejee.

"Alipiga magoti kwenye theluji?"

Nikamwambia ndivyo ulivyoandika.

"Kwa ajili ya gari la mwanangu. Kisha akarudi tena kukaza?"

Nikamwambia alirudi. Nikadhani sasa ndipo atakapolia. Halafu akasema maneno haya, nayo nayaandika kama yalivyo.

"Marhoon, sisi tulikwenda Wattaya tukavunja ukuta wa watu. Yeye amefunga nati."

Basi yachukulie malalamiko yangu yote kuwa yamefutwa, la kwanza hadi la saba. Mipira iache ilivyo. Usirudishe kitu kwa mtu. Mama yako amekula chapati mbili, na magari yamepita nje asubuhi yote hakunyanyua kichwa. Sasa yuko chumbani na Nasriya wanachagua kanga za kumpelekea Jamila, na mimi nimeambiwa nisiingie kwa kuwa sijui kuchagua.

Ila ana suala moja, na anataka ulijibu kwa barua ya haraka. Anauliza, Jamila aliponyanyuka kutoka kwenye theluji, wewe ulimpa kitu gani cha moto akanywa? Nimemwambia huenda hukukumbuka, ulikuwa umeshika nati. Akasema ndiyo maana anauliza. Akishapata jibu lako ndipo atakapojua kama apeleke posa kwa watu wa Jamila, au kama wewe bado hujamfaa.